Marahaba ya Mama Petro

Kilosa, 5 Mei 2025

Mwanangu Doto,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Salamu ya dini nimeiitikia, waaleikum salaam, kisha nikaitafuta shikamoo mpaka nyuma ya barua yako. Hakuna. Sisi wazima, ila goti langu na mvua hizi hawapatani. Wewe je? Unakula?

Umesaini Abu Talha. Huyo Talha ndiye mjukuu wangu? Mbona harusini sikualikwa? Pacha wako Kulwa kacheka sana, mimi nimecheka kidogo.

Jirani yetu Mama Petro amerudi na ndizi zake. Anasema alikukuta hapo Mikumi kwenye kibanda cha kuziba pancha, vijana wawili wamesimama nyuma yako, ukamwambia huli cha mkono wa kafiri. Hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Labda ameshiba." Doto, nini kimekupata? Piga simu. Na mwezi ujao tunamsomea marehemu baba yako hitma, usikose.

Mama yako, Mwamvua


Mikumi, 28 Mei 2025

Kwa mama yangu,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima, namshukuru Allah. Natumai nawe mzima.

Shikamoo haimo katika dini, tunamnyenyekea Allah peke yake. Hitma ni uzushi, sitakuja, na wewe usisome. Simu nimeiuza, ilijaa picha na miziki. Ndugu hawa ndio walioninunulia dawa nilipougua malaria na sina wa kunikorogea uji. Wanasema kuna darasa kubwa huko kusini, upande wa Ruvuma. Tutaondoka panapo majaaliwa. Usinitafute.

Abu Talha


Kilosa, 1 Juni 2025

Mwanangu,

Waaleikum salaam, na marahaba. Nikisema sijambo nitakudanganya. Tangu nilisome hilo neno kusini, tonge halipiti. Uliugua na hukuniambia, hilo nalo limeniuma. Ningekuja na uji wangu hata kwa miguu.

Nimemwendea sheikh wetu. Hitma, amesema wanazuoni wanabishana tangu zamani, usipotaka usije. Lakini ni darasa gani la dini ambalo mtoto haruhusiwi kumuaga mama yake? Yuko mama mmoja Msowero, mwanawe alikwenda darasa kama hilo. Mpaka leo anapika chakula cha watu wawili. Naogopa, Doto.

Tena nikukumbushe, maana naona umesahau. Mlipozaliwa, maziwa yangu yalimtosha Kulwa tu. Mama Petro alikuwa na Petro wake mchanga, basi Petro titi hili, wewe lile, mpaka ukaota meno. Dini hiyo hiyo unayoniandikia inasema aliyekunyonyesha ni mama yako. Waulize hao walimu wako, ukafiri ulikuwa titi la kulia au la kushoto?

Mama Petro anakuletea barua hii mwenyewe, na ndizi. Ukitaka kurudi, panda naye gari, nauli yako anayo.

Mama yako, Mwamvua


Mikumi, 17 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Sijambo, ila moyo haujatulia. Siku aliyoniletea barua yako sikumtazama Mama Petro usoni kwa sababu wao walikuwepo. Ndizi nilizificha ndani ya tairi bovu, nikazila zote peke yangu, na kulia nililia.

Niliwauliza swali lako, ingawa si kwa maneno yako. Kisha mmoja akachukua kitambulisho changu, akasema nitarudishiwa tukifika kusini. Mama, sitaki tena kwenda. Nawaogopa.

Cleopa, mwenye kibanda hiki cha pancha, amekubali kukuletea barua. Mwambie Mama Petro aje Jumamosi, siku ya gulio, watu wakiwa wengi. Nitamfuata. Mpe shikamoo yangu.

Mwanao, Doto


Kilosa, 26 Juni 2025

Doto mwanangu,

Marahaba, baba. Marahaba.

Barua yako nimeipata jana. Cleopa aliogopa kuonekana akiileta, akaikalia mpaka vijana wale walipoondoka. Hata kumlaumu sijaweza. Kwa hiyo Jumamosi ulitungoja, na sisi tulikuwa shambani tunavuna, hatujui lolote.

Leo asubuhi Mama Petro amepanda gari la kwanza. Chumba chako kina kofuli. Mpangaji mwenzako anasema mlitoka Jumapili alfajiri, na wewe ulikuwa wa mwisho, unageuka geuka kuangalia barabara ya Kilosa. Mimi na Kulwa tumekwenda polisi. Wameandika, wametuambia tungoje.

Mama Petro hakujua afanye nini na shikamoo yako. Alisimama pale mlangoni, watu wanamwangalia, akaliitikia kofuli, "Marahaba, mwanangu," akaweka ndizi chini, akarudi.

Sasa amekaa hapa kando yangu. Bahasha tunayo, ila hatujui tuandike wapi.

Mama zako,
Mwamvua na Mama Petro