Pumba Kavu Mgongoni

Busale, Kyela

Mwanangu Nelson,

Ugonile. Sisi tupo, ila mvua haikatiki na kakao inaota ukungu mikekani.

Dada yako Lucy kaniambia umeapa hutakanyaga kwangu, kwa kuwa nilitoa amri baba yako, rafiki yangu Asajile, azikwe kabla hujafika. Kasirika, lakini nisikilize.

Kaburi lilijaa maji. Vijana walichota kwa ndoo, yakarudi. Ndugu zake wakataka tumzike hivyohivyo. Nikasimama ukingoni nikawaambia hapiti mtu. Kule vitani Uganda, risasi iliponivunja mguu, baba yako alinivusha kinamasi mabegani, maji yakimfika kidevuni, akirudia, "Andongwisye, sikuachi majini."

Mvua ilipotulia kidogo tulilikausha kaburi, tukamwaga magunia ya pumba za mpunga. Mawingu yalikuwa yanarudi kutoka ziwani, na basi lako lilikuwa bado Iringa. Nilishuka mwenyewe na koti langu la kanisani, nikalala chali. Nilipoona mgongo haulowi, nikasema, "Mleteni."

Njoo unitukane ana kwa ana. Koti sijalikung'uta. Pumba zilizonasa mgongoni uzishike mwenyewe, uone kama ni kavu.

Baba yako aliyebaki,
Andongwisye