Okidi ya Kaka Imeshika Mimba

Jumapili, 3 Machi

Limechanua! Mwaka mzima nasubiri, na leo okidi ya marehemu kaka imefunua ua lake moja. La kijani, mistari ya kahawia, na kile kikombe mbele kama ncha ya sapatu. Dogo, halitaki makuu. Ndivyo lilivyokuwa porini, halijachezewa na mtu. Pori lenyewe siku hizi ni viwanja.

Wifi, mjane wa kaka, kaja na chupa ya chai. Kibaraza chake kimejaa okidi za kisasa, zilizochanganywa vizazi kwa vizazi hadi ua likawa pana kama sahani na kung'aa kama limepakwa mafuta. Kaliangalia langu, kasema lina haya kama mgeni asiyealikwa. Nikamwambia yake yana mashavu kama mwenyewe. Tumecheka mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 13 Machi

Ua limedondoka. Mapema mno! Kwa kawaida linakaa wiki nyingi. Maji sawa, joto sawa. Sielewi.

Jumanne, 2 Aprili

Kikonyo kimevimba pale ua lilipokuwa. Imeshika mimba, ndiyo maana ua liliwahi kudondoka. Upepo hauwezi kazi hiyo, na mdudu wake hayupo huku mjini. Ni mtu — mtu na kijiti cha meno.

Nikampigia wifi. Hakukana. Siku ile nilipokwenda kuleta vikombe, alilipaka chavua ya lile jekundu lake kubwa. Anasema mizizi ilishaoza mwaka jana, limebaki chipukizi moja, likifa tutabaki na nini? Angeniomba ningekataa. Kweli, ningekataa.

Nimemkatia simu. Nina hasira! Watoto watakuwa chotara, mashavu matupu. Kaka alilipenda hili hili, jembamba.

Jumamosi, 20 Aprili

Jani la pili limekuwa njano. Mgonjwa kabebeshwa ujauzito! Nikilikata tunda, huenda mmea ukapona. Nikiliacha likomae — miezi hiyo — huenda ukafa, ukaacha mbegu ambazo nusu ya damu yake ni ya lile jekundu.

Hasira imepungua, imebaki huzuni. Mimi nataka kile kile alichokiacha kaka. Wifi anataka chochote kilichotoka kwa mumewe, mradi kiishi. Namkumbuka wifi yangu, kibaraza kimepoa bila yeye.

Jumapili, 28 Aprili

Kaja mwenyewe, bila hodi. Kayaangalia majani, kisha kasema nilikate tunda, ilikuwa pupa yake. Alitaka tu mume wake aache kizazi, hata kama ni cha maua. Nimemshika bega.

Kisu nimekipitisha motoni. Yuko mbele yangu sasa, kakikumbatia chungu kwa mikono miwili kisitikisike. Nimemwambia asubiri, kwanza niandike tarehe humu daftarini.

Kasema niandike taratibu tu, wifi, haraka ya nini.