Dada Mkubwa, Majani Yako Yamerudi Msituni

"Nasema yarudishe! Majani hayo ni ya marehemu!"

"Tangu lini marehemu akawa na majani? Majani ni ya mti, mama. Kamuulize mti."

"Usinichezee, Mzee wa Miche! Mbele ya watu wote hawa, usinichezee!"

Dada Mkubwa, leo mwaka umejaa tangu utuage, na tumeona tukuanzie hapo kwa sababu tunakujua. Salamu za huzuni ungezisikiliza kwa adabu tu, lakini kwa ugomvi wa majirani ungevuta kigoda. Basi vuta. Waliokuwa wakizozana ni wale wale wa mtaa wetu. Mama Sindano, fundi cherehani, alisimama nje ya kitalu cha miche huku futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mzee wa Miche alikuwa ndani ya geti lake, amekumbatia reki kama askari na bunduki. Na katikati yao alikuwepo mdogo wako wa mwisho, yule uliyempa jina Redio kwa kuwa hazimiki. Siku hiyo alikuwa kimya. Hapo ndipo mtaa mzima ulipojua kwamba mambo yameharibika.

Wasiokufahamu waambiwe kwanza. Wewe ndiye uliyetunza uwanja wa mahema katika msitu wa taifa, pale lami inapoishia na miti inapoanza. Hata waliokuzidi umri walikuita Dada Mkubwa. Wageni walikuja na mahema ya kila rangi, na sisi tulikuwa tunashangaa: mtu ana nyumba, ana kitanda, anakwenda kulala chini kwa hiari yake! Shemeji yetu, mumeo, alizoea kusema, "Mimi niliposa mke, nikapewa na msitu juu yake." Ukicheka, kicheko chako kilifika barabarani kabla yako.

Hukuondoka uwanjani bila kupitisha mgongo wa mkono juu ya majivu ya kila jiko la mawe. "Moto ni kama mtoto mtundu," ulisema. "Ukidhani amelala, ndipo anakuchungulia." Na hukuweza kumwona mgeni anakula peke yake. Ulimwita kwa sauti, "Kwani umenuniwa na nani?" na kabla hajajibu, sahani yake ilishahamia kwenye jiko la watu asiowajua. Yule daktari wa meno na yule mwalimu wa kuogelea, unawakumbuka? Walikuja kila mmoja na hema lake. Msimu uliofuata walikuja na hema moja. Sisi tulishasema, ila hatusikilizwi.

Na wageni wakigombana, labda huyu kamba zake zimevuka kwa jirani, labda yule kapata kivuli na mwenzake kapata jua, hukusikiliza kesi ya mtu. Ulimtafuta mgeni aliyefika sasa hivi, ukachukua hema lake, ukawapa wale wagomvi wawili: "Wewe shika hapa. Wewe vuta kule." Hema likisimama, wao tayari wanaulizana habari za watoto.

Basi ulipoondoka, ofisi ya misitu iliomba mmoja wa familia ashikilie uwanja. Redio akasema atashika. Alikuwa hajawahi kulala hemani hata mara moja, lakini alikuwa na jambo moja tu moyoni: wageni wa kwanza wa msimu wafike wakute mahali panapokustahili. Akauita mtaa, na mtaa ukaja na mifagio.

Dada Mkubwa, tulifagia msitu!

Usicheke bado. Tulifagia kila jani chini ya kila mti, kuanzia kwenye bango la kuingilia hadi mteremko wa kisimani, mpaka udongo ukaonekana, na mistari ya fagio juu yake kama kichwa kilichotoka kusukwa. Shemeji aliongoza nyimbo. Mama Sindano alisimama mikono kiunoni, akasema, "Sasa hapa pamekuwa sebule." Majani yakarundikwa nyuma ya vyoo, mlima mzima. Mzee wa Miche akapita na toroli lake, akauliza kwa upole, "Haya mnayatupa?" Redio akamjibu, "Chukua yote, baba, utuondolee aibu." Hakuna aliyejiuliza kwa nini wewe, ambaye kijiko kisichooshwa kilikunyima usingizi, miaka yote hiyo ulifagia njia tu na hukugusa chini ya miti.

Jibu lilikuja na mvua. Nayo haikuwa mvua ya kuitwa mvua, ilikuwa ya alasiri moja tu. Maji yalipokuta udongo mtupu, yalishika mbio. Yalishuka mekundu, yakachimba njia, yakang'oa vigingi vya kugawia nafasi za mahema. Mizizi ikabaki nje kama mishipa kwenye mkono wa mzee, na jiko moja la mawe likaporomoka mpaka kisimani. Redio alisimama na mwavuli wake, anatazama kazi yako yote ikiteremka kilima.

Kesho yake alikuja afisa misitu, yule binti wa mabuti marefu uliyekuwa ukimtania kwamba mabuti ndiyo yamemvaa yeye. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichuchumaa, akashika udongo, akauliza, "Nani amefagia?"

"Sisi," Redio akasema. "Tulikuwa tunasafisha."

"Mmeuvua msitu nguo, dada yangu." Akaeleza kwamba yale majani ndiyo yanayoipokea mvua, tone kwa tone, na kuukabidhi udongo taratibu. Akaeleza na lililobaki: mvua kubwa iko njiani. Ikiukuta uwanja uchi, mteremko wote utashuka, na mahema hayataruhusiwa tena pale. Geti litatiwa mnyororo, basi.

"Tutaleta majani!" Redio akaruka. "Mtaani yamejaa!"

"Ya mtaani hapana. Yatakuja na magugu na wadudu wake. Yarudi yale yale."

Na yale yale yalikuwa kwa Mzee wa Miche. Ndipo tulipofika pale getini tulipoanzia. Tusimwonee mzee wa watu. Alikuwa ameshayatandaza kwenye matuta yake yote, na miche yake midogo ilikuwa imejikunyata chini yake. "Nikiyatoa leo jua litaniulia watoto," alisema. "Mlinipa wenyewe. Mliyaita takataka. Leo yamekuwa ya marehemu?"

"Ndiyo, yamekuwa!" akasema Mama Sindano.

Watu wakaanza kugawanyika, huyu upande huu, huyu upande ule. Redio alisimama katikati, na tunakwambia sisi tuliomwona, alikuwa anakutafuta wewe. Moyoni alijiambia kwamba umemwachia mahali pamoja tu duniani, naye amepamaliza kwa ufagio. Angeweza kulia, na watu wangemhurumia, na geti la uwanja lingefungwa vilevile. Badala yake alichukua turubai kwenye toroli, akalitandaza chini katikati ya wagomvi wawili.

"Mzee, shika hapa. Mama Sindano, wewe shika kule."

"Mimi?" Mama Sindano akashangaa. "Na huyu?"

"Na huyo huyo. Na wewe mzee, maji ya miche yako ni juu yetu, asubuhi na jioni, mpaka mvua inyeshe. Kivuli tutakushonea kwa magunia, fundi tunaye. Mche ukinyauka, njoo unigombeze mimi, wala usimguse mwingine."

Mzee wa Miche alitazama matuta yake, akatazama msitu kule juu, kisha akaiegemeza reki ukutani polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. "Haya," akasema. "Ila huyu fundi asivute upande. Hata nguo zake huwa anazivuta upande."

"Suruali uliyovaa nimeshona mimi," Mama Sindano akamjibu, "na haijakuaibisha mpaka leo. Shika turubai!"

Dada Mkubwa, ungeuona msafara ule! Mtaa mzima ulipanda kilima umebeba majani, watu wana magunia, wana mabeseni, wana mashuka yaliyofungwa pembe nne. Shemeji, na goti lake lile, alijitwika gunia akakataa kupokewa. Mbele walikuwa wale wawili na turubai lao, wanagombana hatua kwa hatua, huyu "punguza mwendo," yule "inua upande wako," lakini hakuna aliyeachia. Dereva mmoja wa lori akasimama kutuuliza kama tunahama.

"Tunarudisha msitu kwao!" Redio akamjibu. Redio amewaka tena! Watu walipiga makofi barabarani.

Tuliyatandaza kwa mikono, mifagio ilipigwa marufuku. Afisa alituonyesha jinsi ya kulaza matawi kukatisha mteremko ili majani yashikiliwe. Mama Sindano alipita na futi yake, anachomeka chini, anatangaza, "Hapa kiunoni pamepungua! Ongeza!" Na maji ya miche tulibeba kama tulivyoahidi. Waliozoea kupitia kwa jirani kupiga soga walipitia na ndoo.

Kisha mvua ikaja, mvua yenyewe, ile inayoziba masikio. Redio alikataa kurudi nyumbani. Alisimama kwenye banda la kuni, amekaza macho kwenye mteremko, anasubiri maji mekundu. Mvua ilipiga. Majani yalicheza, yakalala, yakanywa. Ikazidi kupiga. Alipochoka kungoja, akavua viatu, akashuka mwenyewe hadi kwenye uwanja wa chini kabisa, na pale chini ya majani akakuta maji yanatoka kidogo kidogo, meupe, unaona hadi vidole vya miguu. Udongo haukuondoka.

"Limeshika!" alipiga ukelele. "Jamani, tandiko la majani limeshika!" Tuliokuwa mtaani tulimsikia juu ya mvua, na Mama Sindano alitoka mbio akiwa na sindano mdomoni. Tukampandia kule kule juu, tukalowa sote, tukakumbatiana kwenye matope kama timu iliyobeba kombe. Mzee wa Miche alicheza. Tuna mashahidi.

Mawingu yalipoisha afisa alirudi. Alipenyeza mkono chini ya majani, akakaa nao humo kidogo, kisha akayafunua. Mti mchanga ulikuwa umechomoza, una majani mawili tu. "Mnyororo nimeuacha ofisini," akasema. "Pokeeni wageni."

Na tumewapokea, dada yetu! Uwanja umejaa. Mahema yamesimama kila pembe, kuna watoto wanaojifunza kuwasha moto na baba zao wanaojifunza kuuzima. Redio analala hemani siku hizi, na majivu anayapitishia mgongo wa mkono. Bangoni hatukuongeza kitu ila maneno machache: chini ya miti hapafagiwi. Ulikuwa unaishika kazi hii kimya kiasi kwamba tuliiona inajishika yenyewe. Vinavyoelea vimeundwa, na sasa tunajua mikono ya nani.

Tunaokukumbuka ni mumeo, ambaye sasa anasema msitu ndio uliomuoa. Watoto wako, dereva, muuguzi na yule wa mwisho anayesomea upishi, ambaye leo ndiye mwenye sufuria. Wadogo zako wote na Redio wao. Mama mkwe wako, anayekulilia kuliko anavyokiri. Wajukuu, wakwe, mawifi na mashemeji. Mama Sindano na mtaa mzima. Hakuna siku itakayopambazuka tukiwa tumekusahau. Daima wewe ni wetu, na sisi ni watu wako.

Haya tumeyaandika mchana huu huku huku uwanjani, kwenye meza ndefu ya mbao chini ya miti, watu wamebanana na sahani zimeshaanza kuzunguka. Redio alikuwa anatusomea majina kwa sauti, na alipofika mwisho akanyanyua macho. Mzee wa Miche alikuwa amesimama nje ya geti la uwanja, kofia mkononi.

"Mzee, mbona huko nje?"

"Nasikia mnataja ndugu," akasema. "Mimi napita tu."

"Unapita tu, na shati umelipiga pasi?" Mama Sindano akamdaka, huku anasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

Redio alishafika getini. Akamshika mkono. "Jina lako tunaliandika sasa hivi. Ingia, mzee wetu. Nawa mikono, ule."