Nepi Saizi Kubwa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji na wapwa wangu wote, pamoja na yule mdogo ambaye ulisema ameanza kujibu watu. Nauliza kwanza goti lako la kushoto, kama bado linakusumbua ukipanda ngazi, na kama ulikwenda kulipiga picha au bado unalipaka mafuta tu na kulinung'unikia. Kwa upande wangu nakula, nalala, na kazini naenda kila siku. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba ni mzima kabisa, nikapiga mstari. Usijali wino uliovurugika.

Usishtuke kupata barua. Najua utauliza simu yangu imekwenda wapi. Simu ninayo, ila sasa naiogopa, na nikikutumia ujumbe wa sauti najua utaufungulia jikoni, mabinti zako wakiwa wamekuzunguka. Barua hii nitampa dereva wa foklifti wa hapa ghalani, anayekuja likizo upande wa kwetu. Bahasha nitaipaka gundi, kisha nitaizungushia ule utepe wa kufungia maboksi ya vigae, ambao hata sisi wabebaji hatuwezi kuuchana bila kisu. Nilipomwambia hivyo dereva alicheka, akauliza kama nampa dhahabu. Nikamwambia ni picha za familia. Siku hizi nadanganya bila hata kumeza mate, dada.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikia. Nimeusikiliza mara nne nikiwa chooni, sauti nimeishusha mpaka mwisho na simu nimeibana sikioni. Umenipasha sawasawa. Ulisema ulinilea tangu mama alipotutoka, na hukujua kumbe ulikuwa unalea mhuni. Ulisema nimekuvua nguo mbele ya wifi yako, mke wangu, na sasa ukipita mlangoni kwake unajifanya unatafuta kitu kwenye mkoba. Na mwishoni kabisa ulisema lile jambo jingine, kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Nitalifikia. Niache nianze na boksi, maana nikianza na lenyewe sitaimaliza barua hii.

Ni kweli niliagiza nepi. Hilo silikatai. Za nani, nitasema.

Unajua tunavyoishi. Chumba kimoja watu wanne, kitanda changu na cha jirani yangu vimeachana kwa upana wa ndoo. Jirani huyo tunamwita Redio. Si mtu mbaya, akipata mkate anakukatia, lakini neno likiingia sikioni mwake asubuhi, mchana mpishi wa kantini anakuuliza habari zake. Kwa hiyo nilipohitaji kitu hicho, swali halikuwa nitakipata wapi. Swali lilikuwa nitakipataje bila Redio.

Duka la dawa liko mkabala na geti letu. Muuzaji ni mama mmoja mwenye kifua cha mnadani. Ukimwomba kitu anakirudia kwa sauti kubwa kwa msaidizi wake aliyeko nyuma, kana kwamba msaidizi yuko ng'ambo ya mto. Nilipanga foleni. Mbele yangu alikuwa mtu wa pakiti ya plasta, nyuma yangu wapakiaji wawili wa zamu yetu. Mama akaniuliza nataka nini. Nikatoka na dawa ya kikohozi, na sikuwa nakohoa. Redio alipoiona chupa akatangaza kwamba kifua kimenishika, na keshoye msimamizi akaniuliza kama ni vumbi la vigae. Ikabidi nikohoe kidogo.

Basi nikaingia kwenye duka la mtandaoni. Mimi wa darasa la sita nilisoma kila neno, kidole kikiwa juu ya kioo. Waliandika kwamba faragha ya mteja ni amana kwao. Neno faragha nililisoma mara tatu, likanipoza roho. Chini palikuwa na kisanduku cha kuweka alama ukitaka mzigo ufungwe bila maandishi yoyote nje. Nikaweka. Nikafunga ukurasa, nikaufungua tena kuhakikisha alama ipo. Jina la mpokeaji sikuandika langu, niliandika lile la utani ambalo mlinzi wa getini ananiitia. Nikajiona mjanja kupita kiasi.

Siku nne za kungojea zilinikondesha. Kila pikipiki iliyosimama getini niliichungulia. Nilikuwa nimebeba vigae begani na macho yako getini, mpaka nikagonga nguzo na kuvunja boksi zima. Mzigo ulipofika, kweli ulikuwa wa kaki, hauna herufi yoyote zaidi ya lile jina la utani. Lakini mlinzi aliutikisa sikioni, akasema mzigo mkubwa namna hii hauna uzito, ndani pana nini, pamba? Redio naye alikuwa hapohapo, sijui nani humwita. Akasema ni mto wa biharusi, jamaa anajiandaa. Nikacheka nao mpaka mbavu zikauma. Nikalisukuma boksi chini ya kitanda, nyuma ya buti, nikashusha pumzi. Nilidhani nimeshinda.

Nilichunga boksi, dada, nikasahau simu. Simu hii ilikuwa ya wifi yako kabla hajanipa siku ya kuondoka. Yeye ndiye aliyejiandikisha kwenye lile duka, zamani, alipokuwa akiagiza zipu na vifungo, na namba aliyoweka ni yake, ile anayotumia mpaka leo. Mimi nilibadilisha jina na anwani. Namba sikuiangalia. Kwa hiyo wakati nasukuma boksi chini ya kitanda, ujumbe ulikuwa unaingia kwake.

Yaliyofuata umeniambia wewe. Kwamba alikuwa kwenye cherehani, mguu uko kwenye pedali na pini ziko mdomoni, simu ikalia, akamwomba mteja aliyekuja kujaribisha gauni amsomee. Na mteja, Mungu amsamehe, akasoma kwa sauti safi kama anasoma matangazo ya vifo: mteja wetu mpendwa, mzigo wako umepokelewa, nepi, saizi kubwa, pakiti mbili, asante kwa kutuamini. Pale palikuwa na wanawake watatu. Jioni mtaa mzima ulijua kwamba nina mtoto.

Na ni lile neno kubwa lililonimaliza. Wifi yako hana pupa, hupima kabla ya kukata. Alikaa akafikiri kwamba mtoto mchanga havai saizi kubwa. Saizi kubwa ni mtoto anayetembea, anayevuta vitambaa vya meza, wa mwaka na nusu, miwili. Na mimi nina miaka mitatu huku. Kila kitu kikakaa mahali pake kama mshono.

Alinipigia siku hiyohiyo, tumetoka kazini, nafungua buti. Redio amejilaza kitandani kwake. Wifi yako hakunisalimu. Aliuliza nepi ni za nani. Nikamwona Redio ameacha kutafuna. Nikajibu kwamba sasa hivi siwezi kuzungumza. Akauliza kama kuna mtu karibu yangu. Nikasema ndiyo, yupo, amelala hapa. Dada, nilisema hivyo, kwa mdomo wangu. Akasema haya, akakata. Mimi nilibaki nimeshika simu, na Redio akauliza kama shemeji yake hajambo.

Ningeweza kutoka nje nikampigia. Njia ya kwenda uwanja wa magari ni dakika mbili. Sikutoka siku hiyo wala kesho yake wala kwa wiki nzima, na sababu yake ni ya aibu kuliko nepi zenyewe. Niliona afadhali. Mwanaume akisemwa kwamba ana mtoto nje, watu wanamlaani, lakini bado wanamwita mwanaume. Nilijiambia kwamba hasira zitapoa, nitaomba radhi kwa kosa ambalo sikulifanya, na lile la kweli litabaki na mimi. Niliyapima yote mawili nikachagua kuwa mhuni.

Ndipo ukaja ujumbe wako, na yale maneno ya mwisho. Kwamba wifi yako alilia siku mbili, siku ya tatu akaosha uso akarudi kwenye cherehani. Kwamba sasa, akimaliza kazi za wateja, anakusanya vipande vilivyobaki na anashona nguo ndogo. Umeziona mwenyewe: kishati chenye mfuko, kaptura ya lastiki, kijigauni kwa sababu hajui kama ni wa kike au wa kiume. Zote za mtoto wa miaka miwili. Na alikutuma uniambie kwamba hataki ugomvi. Kama mama wa mtoto hamtaki, au hana uwezo, nimlete, yeye atamlea. Miaka tisa ya ndoa bila mtoto imemtosha kujua kwamba mtoto hana kosa. Anachoomba ni nisimdanganye jina la huyo mtoto.

Dada, hakuna mtoto. Nepi ni zangu. Jina kamili la bidhaa ni nepi za watu wazima, saizi kubwa, na ule ujumbe wao ukaandika nusu.

Miezi miwili iliyopita niliteleza kwenye ngazi ya kupakilia gari. Maboksi mawili yalikuwa begani, nikakalia ukingo wa zege kwa uzito wangu wote na wa maboksi. Nilisimama. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Baada ya siku chache nikaanza kuona suruali imelowa na mimi sina habari. Nikinyanyua mzigo, mkojo unatoka. Nikipiga chafya, unatoka. Nilijidanganya kwamba ni jasho. Nilikwenda kliniki ya mbali, mabasi mawili kutoka hapa, nikaonana na daktari wa kike, mdogo kuliko binti yako mkubwa. Alinipima bila kunicheka. Akasema mishipa ya fahamu ya kiunoni imeumia, inaweza kurudi kwa miezi sita au mwaka, na inaweza isirudi yote. Akanifundisha mazoezi, akaniandikia nivae hizo, na akasema nisibebe mizito. Nilimwitikia ndiyo, na kesho yake nikabeba. Msimamizi akijua, nitapanda gari la kurudi wiki hiyohiyo. Kuhusu mambo mengine ya ndoa sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Nakwambia wewe kwa sababu uliwahi kunifulia shuka mpaka nilipofika miaka minane, ukizianika nyuma ya nyumba kabla watu hawajaamka, na hukumwambia mtu, hata tulipogombana.

Sasa ombi langu. Usimweleze wifi yako kwa mdomo. Najua utataka kulainisha, utaanza na pole, utafika kwenye maneno yenyewe ukiwa umeshamtisha. Mpe barua hii aisome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, na pasiwe na mteja hata mmoja. Wewe kaa nje uwazuie watu. Ataona kwamba mume wake si mhuni, na kwenye mstari uleule ataona kwamba yule mtoto hayupo. Nimejaribu kuuandika mstari huo kwa namna nyingine, nimechana karatasi tano, haukukubali. Mwambie nguo alizozishona namwomba radhi kwa kila moja. Akitaka kuzigawa azigawe, akitaka kuziweka aziweke, mimi sina neno.

Na akisema kwamba mwanaume wa namna hii hamwezi, usimgombeze, dada. Aliolewa na mtu mwenye kiuno kizima.

Pakiti ya pili imebaki kidogo. Dereva amesema barua itakuwa mikononi mwako Jumatano. Mimi nitaagiza tena Ijumaa, kwenye duka lilelile, na alama ya kufunga bila maandishi nitaiweka kwa ajili ya Redio na mlinzi. Namba ya simu sitaibadilisha. Ujumbe ukiingia utaingia kwake, nepi, saizi kubwa, na yeye atajua ni za nani. Akinipigia nitatoka nje kabla sijapokea.

Nisalimie shemeji, umwambie radio yake nimeshaitafutia betri. Wasalimie wapwa wangu mmoja mmoja, nao wasiione karatasi hii. Goti ulipeleke kwa daktari, kwa sababu nimejifunza kwamba mwili ukisema jambo haunyamazi kwa kupuuzwa. Nakuombea afya na moyo mkunjufu, na naomba unisamehe kwa wiki niliyokuacha uaibike kwa ajili yangu.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho,
mbeba vigae.