Kosa Ulilonikubalia

Mumbua Mutisya,
Nyumbani Kilungu,
S.L.P. Nunguni,
Makueni.

Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Musyimi,

Hujambo huko Marekani? Wangui hajambo? Na Kanini, bado anakataa mboga ama ameanza kuwa mtu mzima? Sisi huku tupo, Mungu ametushika. Baridi ya Kilungu mwaka huu imekuja na hasira, na mama hatoki jikoni kabla ya jua kuwaka. Goti lake la kushoto linamsumbua, lakini jana alipanda hadi kwenye machungwa peke yake, akateremka akinigombeza eti miti sijaipogoa. Kwa hivyo ujue yuko sawa.

Ile miche uliyopanda ukiwa hapa Desemba imeshika yote, isipokuwa mmoja uliotafunwa na mbuzi wa Nyamai. Tumeshagombana naye na tumeshapatana.

Barua hii nimempa mtoto wake Nyamai anayekuja huko kusoma. Najua utashangaa, mtu ana simu na anaandika karatasi. Lakini simu umeiua wewe. Ujumbe wangu unausoma, naona umeusoma, na unanyamaza. Nikipiga, uko kazini. Nikipiga tena, umelala. Jumapili uko kanisani. Sasa hii utaikuta mezani na utaisoma mpaka mwisho.

Musyimi, umeniumiza. Nimetafuta njia laini ya kulisema nikaikosa, kwa hivyo nalisema hivyo hivyo.

Unakumbuka ule mpango wa wakili. Desemba ulisimama kanisani baada ya matangazo, umevaa lile koti lako la ngozi na jua lote lile, ukatuambia sisi madereva kwamba huko kwenu dereva wa lori hulipa wakili kila mwezi hata kama hajakosa kitu, ili siku akishikwa na trafiki wakili awe tayari. Ukasema wewe mwenyewe ulishawahi kushikwa na mambo yakaisha bila kukanyaga mahakamani. Ukamsimamisha rafiki yako Gedion, mliyesoma naye, ambaye sasa ni wakili hapo mjini Wote, akasema atatuanzishia mpango wetu, na kila anayelipiwa atapewa kadi. Mchungaji akaziombea zile kadi. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga kuwashinda wote, kwa sababu aliyekuwa anaongea ni ndugu yangu. Kadi yangu ukasema utalipia wewe, zawadi kwa dada. Nilitembea wiki nzima nikijivuna.

Lakini kabla ya kadi tulikuwa na desturi yetu, na unaijua vizuri kwa sababu ulipakia mizigo nami kabla ya kwenda huko. Dereva wa huku akishikwa, yule aliye nyuma yake anasimama. Anaegesha lori, anamfuata mpaka kituoni, anapigia wengine simu. Siku ya korti tunajaza benchi. Sheria hatujui, tunakaa tu pale, hakimu aone huyu mtu ana watu. Na kama kuna mmoja wetu aliyeona kilichotokea, anasimama anasema. Tulipoingia kwenye mpango wako desturi hiyo tuliiacha. Ya nini watu wote hao wapoteze siku ya kazi na wakili ameshalipwa?

Sasa sikiza. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Mombasa na simiti, kwa lile lori la Mzee Gachanja wa Emali ninaloendesha siku zote. Nikipanda ule mlima wa Salama, tanki la mafuta likatoka nyuma yangu, likanipita kwenye kona, juu ya mstari usiovukwa, likabaki kidogo linisukume mtaroni. Mbele hapo askari wako barabarani. Tanki likapita, mimi nikasimamishwa. Ati ni mimi nimeovateki kwa hatari! Nimeovateki nani, Musyimi, na lori limejaa simiti, mlimani? Nilikuwa natembea kama mama mjamzito anayetoka sokoni.

Kitheka alikuwa nyuma yangu kidogo na lori lake. Ni yule Kitheka tuliyebatizwa naye siku moja. Aliona yote. Akapunguza mwendo, akanipigia honi, akainua mkono, akaenda zake. Baadaye akaniandikia: pole dada, lakini si una wakili? Nilisoma maneno hayo nikiwa kwenye benchi ya kituo, njaa inaniuma, nikalia mbele ya watu. Kushikwa nimezoea. Nililia kwa sababu nilikuwa naangalia mlango na hakuna mtu wetu aliyeingia.

Gedion alipiga simu kituoni, na jioni nikaachiliwa kwa bondi. Hapo nilimshukuru kwa moyo, sikufichi. Nilimwambia wazi kwamba sikufanya, na kwamba Kitheka aliona. Akasema sawa, siku ya korti nisijisumbue kuja, atasimama kwa niaba yangu, atakana, ataomba kesi ipangiwe tarehe. Nikamwamini. Siku hiyo nilikuwa hapa Kilungu napakia machungwa, tena naimba.

Hakuomba tarehe yoyote. Alikubali kosa. Kwa jina langu, Musyimi! Mumbua Mutisya, kuendesha kwa hatari, amekubali, amejuta, faini imelipwa, kwisha.

Mimi sikujua lolote mpaka Mzee Gachanja aliponiita Emali akaniomba funguo. Mzee wa watu hata hakunifokea. Alisema watu wa bima yake hawataki dereva mwenye kosa kama hilo, basi lori atampa mwingine. Nikamwambia sikufanya. Akaniuliza, kama hukufanya mbona ulikubali? Nikamwambia sikukubali. Akaniangalia tu, na mimi mwenyewe nilisikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa hayaingii akilini. Miaka yote hiyo sijawahi kumkwaruzia hata taa. Nilirudi nyumbani na begi langu na ile blanketi ya kwenye lori.

Kesho yake nikaenda Wote ofisini kwa Gedion. Akaniambia nisikasirike, kesi ndogo kama hizi huwa zinamalizwa tu, kubishana ni kupoteza wakati. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia amalize. Hata hakuona haya. Alisema alikupigia wewe, kwa kuwa ndiye unayelipia kadi, na wewe ukamwambia anikubalie kosa mambo yaishe. Nilitoka hapo nikatembea mpaka nikapita stendi bila kuiona.

Aiya, Musyimi! Siku hiyo simu ulikuwa nayo. Gedion ulimjibu. Mimi hukunipigia hata uniulize, dada, ulifanya ama hukufanya? Ningekujibu nikiwa juu ya mchungwa. Najua ulichofikiria: ni kitu kidogo, faini, maisha yaendelee. Pengine ulikuwa safarini na umechoka. Hayo yote nimekuwazia mimi mwenyewe, nimekutetea moyoni mpaka nimechoka kukutetea, na bado inauma. Gedion ni mtu wa kazi yake, hata simjui sana. Wewe unanijua.

Leo baada ya ibada madereva wameniuliza kama waendelee kulipia huo mpango ama waache. Walidhani nitasema waache wote leo leo, na Kitheka alikuwa ameshatoa kadi yake mfukoni. Sikusema hivyo. Wakili ni mtu wa maana, kuna siku unamhitaji kabisa, na wewe mwenyewe alikusaidia. Nimewaambia anayetaka alipe, lakini ajilipie mwenyewe, ili wakili ajue ni nani wa kuuliza. Na siku ya korti dereva aende kwa miguu yake, na sisi twende naye. Mambo ya kumpigia mwenzako honi na kupita yaishe. Kitheka alikuwa anaangalia viatu vyake. Mchana alikuja hapa nyumbani na mkungu wa ndizi begani, akaniomba msamaha mama akisikia, na nimemsamehe. Huyo alikuja.

Sasa ombi langu. Kuna mama mmoja wakili huko Machakos, mchungaji ndiye aliyenipeleka kwake. Anasema tunaweza kuomba kesi irudishwe, isikizwe upya, kwa sababu mimi sikuwepo na sikukubali. Kitheka atasema alichokiona. Mzee Gachanja amesema jina likisafishwa, lori nitarudishiwa, na huyo mzee akisema neno hageuki. Kinachokosekana ni neno lako. Uandike, na uape, kwamba Gedion alikuuliza wewe, na wewe ukamwambia akubali bila kuniuliza mimi. Najua wewe na yeye mna ile ploti yenu hapo Wote, na najua hatafurahi. Andika tu. Tena mwezi huu, kabla haijachelewa.

Pesa usinitumie, tafadhali. Ukituma nitazirudisha, unanijua.

Halafu nikukumbushe ile pikapu ya baba. Ulichukua funguo baba akiwa amelala, ukaenda kugonga nguzo ya lango la kanisa. Ulikuja kwangu shambani umelowa jasho, ukisema, dada, baba ataniua. Nikaenda nikasema ni mimi. Baba akaninyang'anya usukani miaka miwili, na Kilungu yote ikasema mwanamke na gari wapi na wapi. Mpaka leo wazee wakinikuta pale langoni huniuliza kama leo nguzo nimeiona. Sijawahi kujuta, Musyimi. Uliniomba, nikafikiri, nikalikubali kosa lako kwa mdomo wangu mwenyewe. Hili la sasa hukuniomba, ukalikubali kwa mdomo wako, na halikuwa kosa.

Hilo la nguzo mama hajui mpaka leo, na sitamwambia. Nilishakupa.

Lakini hili la korti nimemweleza lote, tukichambua maharagwe. Aliacha mikono yake ndani ya ungo. Hakuuliza faini, hakuuliza lori. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kabla ya kumjibu Gedion ulinipigia ukaniuliza. Nikaendelea na maharagwe.

Nisalimie sana Wangui, umwambie yale mafuta ya goti aliyotuma yalimfaa mama na yameisha. Nibusie Kanini kila shavu. Shangazi Kasiva anawasalimu na anasema anakuota kila mara ukiwa umekonda. Kitheka ameniomba niandike jina lake hapa, basi nimeandika. Mama hakutoa salamu. Amesema zake utazichukua mwenyewe ukimpigia.

Mwenyezi Mungu akutangulie katika hizo barabara ndefu, akuepushe na walio mbele na walio nyuma, na kila jioni akurudishe mzima kwa watu wako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ambaye hakukubali,

Mumbua