Kuku, Mlima na Mguu Mmoja

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, mama. Hapa Kikatiti hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo, lakini ugali anamaliza.

Unauliza ufanyeje usianguke kwenye hiyo yoga unayojifunza huko Ujerumani. Nimecheka! Mimi nilianguka kabla yako.

Wakati wa usichana wangu nilifanya kazi kwenye duka la vitenge Arusha mjini. Mama wa tajiri wangu, bibi wa Kihindi, alifanya yoga uani kila asubuhi. Siku moja akaniita nijaribu. Kwanza tulisimama wima kama mlima, miguu yote chini, tukivuta pumzi taratibu. Hapo niliweza. Kisha tukawa mti: mguu mmoja chini, unyayo wa pili ukiegemea kigimbi, wala si goti.

“Tazama kitu kimoja,” akasema.

Nikamkazia macho kuku. Kuku akaondoka, nami nikaanguka pu!

“Kisichotembea, binti!”

Basi nikautazama Mlima Meru, nikasimama vizuri kabisa. Mara mawingu yakaufunika, nikaanza kuyumba.

“Mbona unayumba? Mlima haujaenda popote.”

Nikatulia.

Ukichoka, piga magoti, uiname mpaka paji la uso liguse mkeka, upumzike kama mtoto mchanga. Mkao huo ndio niliobaki nao mimi, na kuinuka ni mpaka babu yako aitwe.

Najua huko uliko Meru hauonekani. Lakini haujaenda popote, mama. Wala mimi.

Bibi yako,
Ndeshi