Bamba la Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya nne chini ya manowari, hapa kwenye chelezo, ilikopandishwa nchi kavu. Nagonga mabamba ya chuma ya tumbo lake kwa nyundo, nasikiliza. Bamba zima hulia vizuri, lililoliwa na kutu hulia kama debe. Wasanifu waliipa miaka ishirini na tano. Sasa ina arobaini, na bado inafukuza uvuvi haramu. Bamba la kumi na moja lilitoa mlio mzito. Nikasema ni unene wa chuma. Nikaandika kwa chaki: zima. Mgongo hoi.

Jumatano, 5 Machi
Imeshushwa majini. Deus, mdogo wangu, ni baharia humo. Kanipungia kofia kwa madaha, mshamba yule. Doria ziwani hadi Jumamosi, upande wa Ukerewe.

Alhamisi, 6 Machi
Jioni Kirumba nimemkuta Mzee Kalumuna, fundi wetu mstaafu. Nikampa shikamoo, tukaongea kazi. Nikalitaja bamba la kumi na moja. Akacheka. "Lile, mwanangu? Lilitoboka! Tulimwaga saruji kwa ndani, tukapaka rangi. Ya wiki mbili tu, tukisubiri chuma."
Chuma hakikuja. Nikauliza, mwaka gani? Hakumbuki.
Mungu wangu. Niligonga saruji.

Ijumaa, 7 Machi
Upepo tangu alfajiri. Simu ya Deus haipatikani. Naogopa.
Saa tatu nilifika mlangoni kwa mkuu wa karakana. Nikageuka. Saa nne tena, nikageuka. Mwanamke ni mimi peke yangu pale. Watasema, si tulisema? Nitafukuzwa.
Saa saba nikaingia. Nimesema yote. Hakunigombeza, amekimbilia redio moja kwa moja kuwaita. Hawajibu.

Jumamosi, 8 Machi
Wameingia saa sita mchana, manowari imelalia ubavu, pampu zinatema maji. Wote hai. Asante Mungu. Nimelia mbele za watu, wala sijali.
Deus anasema maji yalianza jana saa tano. Redio ililowa kwanza. Alikuwa chini huko, maji kifuani, anaziba bamba lile kwa magodoro.

Jumatatu, 10 Machi
Kazini bado nipo. Deus kaja wakati wa chai, mkono umefungwa bendeji. Kaniuliza, dada, ulijua lini?
Nikamwambia Alhamisi.
Akachukua kikombe chake, akaenda kukaa na wenzake.